Waliohama Wako kwa Jamaa: Kufuatilia Uhamaji wa Ghafla Magharibi mwa Kenya

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya maafisa wa kaunti, machifu, wanafunzi wa jiografia na wahudumu wa misaada

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa machifu na wazee wetu wa vijiji mliotoka Nyando, Nyakach na Bunyala, wahadhiri wenzangu, nanyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma, hamjambo.

Nianze na tarakimu ambayo wengi wenu mmeiona katika ripoti za serikali: 663,921. Hiyo ndiyo idadi rasmi ya watu waliohamishwa makwao na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ukiichambua utakuta kwamba watu 350,000 walihesabiwa kuwa walikimbilia makambi 118, na 313,921 walipokewa na jamaa, marafiki na wenyeji wengine. Itazameni vizuri hesabu hiyo. Fungu la makambini, ambako kulikuwa na lango, daftari na karani, limekadiriwa kwa maelfu kamili. Fungu la majumbani, ambako hakukuwa na lango wala karani, ndilo lililofika hadi mtu wa mwisho. Ukijumlisha kadirio na hesabu kamili, jumla yake ni kadirio, hata ikiwa na tarakimu ya mwisho inayopendeza macho. Siwalaumu walioiandika, kwa kuwa walifanya kazi katika miezi ambayo barabara zilikuwa zimefungwa na nchi ina hofu. Ninachotaka tukione ni kwamba karibu nusu ya watu waliopoteza makao walikuwa mahali ambapo mfumo wetu wa kufuatilia haukuwa na macho, na kwamba katika eneo hili letu macho hayo bado hayajapatikana.

Hoja yangu leo ni hiyo tu. Ufuatiliaji unaoanzia kambini huwapoteza wale wanaolala kwa jamaa, na magharibi mwa Kenya wanaolala kwa jamaa ni wengi mno kupotezwa.

Tuanze na maji. Mto Nzoia huteremka kutoka milima ya Cherangany na Mlima Elgon, ukapita katika nchi ya mahindi na miwa hadi kuingia Ziwa Victoria kule Bunyala. Kwa sababu hiyo mvua inaweza kunyesha Trans Nzoia ilhali jua linawaka Budalangi, na mwananchi akayaona maji mlangoni bila kuwa ameona wingu. Matuta yaliyojengwa kando ya mto yanapobomoka, kama yalivyobomoka mwaka 2007, watu hawana siku ya kujiandaa. Wana saa chache, na wakati mwingine hawana hata hizo. Wakimbiliapo panajulikana: juu ya tuta lenyewe, shule ya msingi iliyo mahali pa juu, kanisa, halafu kwa ndugu.

Ila familia haihami pamoja. Baba hubaki tutani na ng'ombe, kwa kuwa hakuna mwenyeji atakayepokea ng'ombe sita. Mama na watoto wadogo huenda shuleni, au kwa dada yake upande wa Port Victoria. Vijana hufuata kibarua Busia. Karani anayefika na fomu yenye kichwa "kaya" atawakuta vipande vitatu vya kaya moja mahali patatu, na kila kipande kitajieleza kuwa kaya, si kwa udanganyifu bali kwa sababu ndivyo kinavyoishi na kupika wakati huo. Akihesabu saa sita mchana atakuta kambi tupu, maana watu wamerudi kutazama mashamba na kuokoa mabati. Akihesabu usiku ataikuta imejaa. Kila anayefanya kazi hii na ajue basi kwamba hesabu ya kuhama ni hesabu ya malazi. Swali la msingi ni mahali mtu alipolala usiku wa kuamkia leo, wala si mahali alipo sasa wala kijiji anachotoka.

Kuna jambo la pili katika mafuriko yetu, nalo ni marudio. Mwezi wa nne maji yanaingia, mwezi wa sita watu wanarudi, mvua za vuli zinawatoa tena. Kituo cha Geneva kinachokusanya takwimu za uhamaji wa ndani duniani hutenganisha idadi ya matukio ya kuhama katika mwaka na idadi ya watu waliobaki nje ya makwao mwisho wa mwaka. Mtu mmoja wa nyanda za Kano, hapa Kisumu, aliyetoka mara tatu ni matukio matatu, na huenda tarehe 31 Desemba akawa sifuri, kwa kuwa yuko kwake. Magazeti yetu huchukua idadi ya kwanza na kuiita ya pili, kisha mwanasiasa huisoma mkutanoni, na baada ya hapo haisahihishiki tena.

Ziwa lenyewe lina tabia tofauti na mto. Mwezi Mei 2020 kipimo cha kimo cha maji kilichoko Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42 na kupita kidogo rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964. Maji ya namna hiyo hayaji kwa kishindo. Hupanda shubiri kwa shubiri, na watu wa Dunga na wa fuo nyingine walihama nyumba baada ya nyumba bila siku hata moja ambayo ingeitwa siku ya maafa. Mfumo unaosubiri tukio ili uanze kuhesabu hauwezi kuwaona watu hao.

Sasa tugeukie ghasia, ambazo watu wa eneo hili wamezipokea kwa miaka mingi. Mapigano yaliyoanza shamba la Miteitei, Tinderet, mwezi Oktoba 1991 yaliwasukuma watu kuteremka kuelekea Muhoroni na Kisumu. Mlima Elgon uliwatoa watu kati ya 2006 na 2008. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho. Anayekimbia maji hutaka aonekane, kwa maana anayeonekana hupata blanketi. Anayekimbia panga huenda asitake kuonekana kabisa. Atakaa kituo cha polisi siku mbili, kisha apande basi la usiku. Huenda akavuka hata mpaka, kama walivyovuka maelfu ya Wakenya kuingia Uganda mwanzoni mwa 2008 na kuwekwa Mulanda, wilaya ya Tororo.

Je, mtu huyo huelekea wapi? Hapa kuna utafiti uliofanywa mbali na kwetu ambao unafaa sana kwetu. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, watafiti walipata kutoka kampuni ya simu kumbukumbu za minara zisizo na majina, wakakadiria kwamba watu wapatao 630,000 walikuwa wametoka mji wa Port-au-Prince ndani ya siku 19. Uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kuwa walikoelekea kulihusiana sana na mahali walipokuwa wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya, wiki chache kabla ya tetemeko. Ndugu zangu, Mkenya gani anahitaji kuelezwa jambo hilo? Anayejaza matatu za Nakuru kuja Kisumu, Siaya na Kakamega mwezi wa kumi na mbili ndiye atakayezijaza siku ya hatari, na boma lililochinja kuku kwa ajili yake ndilo litakalompokea. Ramani ya safari za Desemba ni ramani ya kimbilio.

Lakini ina kasoro moja kubwa, nayo tuliiona mwaka 2008. Wako watu waliozaliwa Nakuru, Naivasha na Molo, wazazi wao wamezaliwa hukohuko, ambao "kwao" ya kitambulisho hawakuwahi kulala hata usiku mmoja. Waliletwa Nyanza na Magharibi kwa malori wakaambiwa wamefika nyumbani, katika vijiji ambavyo hawakuwa na shamba wala lugha iliyonyooka. Hawa ndio walioingia katika fungu lile la 313,921. Msaada ulipogawiwa kwa kufuata makambi, wengi wao hawakuwa katika orodha yoyote. Walikuwa wageni wa kudumu wa ami na shangazi.

Kuhusu mitambo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mara nyingi inatajwa kwanza na kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili. Setilaiti za rada, kama zile za Sentinel-1 za Ulaya, huona maji usiku na kupitia mawingu, jambo lenye faida kubwa msimu wa masika. Hata hivyo zinaona maji, hazioni watu. Ukiweka picha ya maji juu ya sensa ya 2019 utapata walio hatarini, wala hutapata waliohama. Tena mchambuzi asiyeijua Ahero anaweza kuyachukua majaruba ya mpunga kuwa mafuriko. Simu nazo zinasaidia, ila laini moja hutumiwa na familia nzima, mtu mmoja ana laini tatu, na betri hufa siku ya pili. Tuna fahari yetu pia: jukwaa la Ushahidi lilianzishwa na Wakenya mwezi Januari 2008 ili kuweka katika ramani taarifa za ghasia zilizotumwa na wananchi, na sasa linatumika nchi nyingi. Kazi yake ni kusema nini kimetokea wapi. Waliolala kwa shangazi hawatumi ujumbe.

Ninapendekeza basi tuanze kwa anayepokea. Katika kila kijiji yupo mzee wa kijiji, au liguru kwa ndugu zetu wa Magharibi, na wapo wahamasishaji wa afya ya jamii ambao tayari huzunguka boma kwa boma. Ndani ya saa 72 za tukio, kila mmoja wao aulize: ni nani aliyelala hapa jana ambaye wiki mbili zilizopita hakuwa analala hapa, ametoka wapi, wenzake wengine wako wapi, anatarajia kuendelea mbele? Kabila lisiulizwe. Majibu yapimwe kwa vyanzo visivyotegemeana, hasa mwalimu mkuu, ambaye hujua Jumatatu ni wanafunzi wangapi wapya wameketi bila viti, na zahanati, inayoona kadi za kliniki za mbali. Mzee akisema wageni kumi na shule ikasema watoto wapya arobaini, mtu atumwe kijijini kabla tarakimu haijatumwa Nairobi. Kila tarakimu ibebe tarehe na saa.

Majina ni suala zito zaidi. Orodha ya waliokimbia maji ni hati ya msaada. Orodha ya waliokimbia ghasia, ikiwa na majina, asili yao na boma walimo, inaweza kumfaa anayewatafuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatulazimisha kukusanya kile tu kinachohitajika, na katika ghasia ngazi ya kijiji inahitaji idadi, umri na jinsia. Majina yakae kwa afisa mmoja anayewajibika, si katika kundi la WhatsApp la wazee. Mafuriko ya ghafla yana hitaji tofauti: usiku ule wa Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye tuta la reli yalipofumuka na kubeba nyumba, kila aliyekuwa amejiokoa kwa jamaa bila kuandikwa popote angeweza kutafutwa matopeni. Hapo jina huokoa nguvu za waokoaji.

Sheria ya 2012 kuhusu waliohamishwa makwao ina maneno katika kichwa chake ambayo hatujayatumia: inataja pia jamii zilizoathirika. Boma la watu saba lililopokea tisa ni jamii iliyoathirika. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa kimataifa katika misaada ya dharura, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu 20. Kambini tunavipima, bomani hatupimi, na kisima cha mwenyeji kikikauka mgeni huondoka kimyakimya kwenda kwa jamaa mwingine, nasi twamwandika kuwa amerudi kwao.

Kwa hiyo daftari la mzee wa kijiji liwe na safu ya mwisho ambayo fomu nyingi hazina: tarehe aliyoondoka mgeni, na alikokwenda kwa maneno ya mwenyeji wake. Safu hiyo ikiwa tupu baada ya miezi sita, naibu wa chifu arudi katika boma hilo aulize upya, na mtu huyo aendelee kuhesabiwa miongoni mwa waliohama, hata kama kambi zote za kaunti zimefungwa.