Pampu Tupu na Chupa ya Maji

ZUHURA: Haya wapenzi karibuni, ni mimi na kaka yenu Mbwana, na leo nimekuja na daftari kabisa, hatua 7 za kutumia pampu ya pumu, nimeziandika kwa mkono wangu kwa sababu ya yaliyonikuta Jumamosi.

MBWANA: Jumamosi dada alikuwa Tanga, harusi ya wifi yake. Hebu anza na harusi, daftari baadaye.

ZUHURA: Nilikuwa uani na kina shangazi, masufuria matatu ya pilau kwenye kuni, na kuni zenyewe mbichi, moshi mtupu. Kifua kikaanza kubana, ule mluzi ukaanza. Nikachukua pochi nikazunguka nyuma ya nyumba, nikavuta pampu, nikavuta tena, mpaka mara 6, wapi! Wala mikono haikutetemeka, na mimi nikivuta mbili tu mikono hutetemeka na moyo unakwenda mbio.

MBWANA: Kumbe?

ZUHURA: Kumbe dawa imekwisha zamani. Pampu inalia pshh kama kawaida maana ile gesi ya kusukuma inabaki hata dawa ikiisha. Kikopo changu kimeandikwa 200, yaani ukishabonyeza mara 200 unavuta gesi tu.

MBWANA: Kwetu walikuwa wanakitumbukiza kwenye beseni la maji, kikielea kimekwisha.

ZUHURA: Msifanye hivyo jamani, maji yanaziba tundu na kuelea hakukwambii kitu. Kama yako haina namba za kuhesabia, andika kwa kalamu tarehe uliyoanza halafu hesabu mwenyewe. Ukivuta 4 kwa siku kinakwenda siku 50, ila ukijiona unahitaji 4 kila siku usikae kuhesabu, nenda hospitali, hiyo pumu haijatulia.

MBWANA: Enhe, kule nyuma ya nyumba.

ZUHURA: Binamu yake mume wangu ni nesi, ndiye aliyeniona. Akatuma kijana duka la dawa, pampu mpya ikaja, lakini nilikuwa nahema kiasi kwamba kubonyeza na kuvuta kwa pamoja siwezi, dawa yote inatoka mdomoni kama moshi. Ukiona ule moshi ujue dawa haijafika kifuani. Basi akaokota chupa ya maji ya nusu lita, tupu, safi, akapasha waya kwenye kuni zile zile...

MBWANA: Kuni za pilau!

ZUHURA: Hizo hizo. Akatoboa kitako cha chupa, tundu la umbo la mdomo wa pampu, akachomeka ikakaza kabisa, hewa haitoki pembeni, mimi nikaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Anatikisa, anabonyeza mara 1, navuta na kutoa pumzi taratibu kama mara 5, kisha anatikisa tena, nyingine. Moja moja, sio kubonyeza zote kwa mpigo.

MBWANA: Mimi nilidhani umenitungia hii ya chupa mpaka nikaenda kusoma. Madaktari wa Cape Town waliipima kwa watoto wenye pumu, wakachapisha kwenye jarida la Lancet 1999, chupa ya 500 ml iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani, lile kopo la plastiki linalochomekwa kwenye pampu. Kikombe cha plastiki laini, kile cheupe chepesi, ndicho kilishindwa.

ZUHURA: Na unaiosha kwa maji ya sabuni unaiacha ikauke yenyewe, ukiifuta kwa kitambaa plastiki inapata chaji, dawa inaganda ukutani.

MBWANA: Sasa niulize. Kwa nini ulikwenda nyuma ya nyumba?

ZUHURA: Mbwana.

MBWANA: Sio kwa ubaya. Ungeanguka kule nani angejua? Mtu mwenye pumu awaambie watu wake pampu iko wapi na inatumikaje, wote, hata wakwe.

ZUHURA: Wewe mwanaume, hakuna anayekuuliza utazaa watoto wa namna gani. Mama alianza kunificha pampu nina miaka 9, mchumba asije akasikia. Na Jumamosi hiyo hiyo, nahema, mama mkwe anasema msimpe hiyo kitu, ataizoea!

MBWANA: Si ndio sababu ya kuwaambia mapema? Wangejua pampu haizoeshi.

ZUHURA: Mume wangu anajua, yule nesi sasa anajua. Wanatosha. Ugonjwa ni wangu, sitautangaza kwenye sufuria la pilau.

MBWANA: Watu wawili hawatoshi.

ZUHURA: Kwangu wanatosha.

MBWANA: Haya. Mimi sijakubali.

ZUHURA: Wala mimi.

MBWANA: Jamaa wa studio wanagonga mlango, wana zamu yao. Daftari limefika hatua ya ngapi?

ZUHURA: Ya kwanza, kutikisa! Basi haraka, kama huna chupa toa pumzi kwanza, funga midomo, anza kuvuta pole pole ndio ubonyeze, shikilia sekunde 10, ukihitaji nyingine subiri nusu dakika. Ukishavuta mara 10 hujapata nafuu, au huwezi kumaliza sentensi, ni hospitali hapo hapo. Na ile pampu nyingine ya kila siku, ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, msiiache eti kwa sababu hii ya bluu inafungua kifua, hii haiponyi uvimbe... jamani hata sijaifikia.

MBWANA: Jumatano ijayo. Ile chupa umerudi nayo?

ZUHURA: Imo kwenye pochi.

MBWANA: Hebu itoe, niione.