Simu kwanza ipige simu

Asanteni sana, walioko nyuma mnanisikia? Haya. Najua wengine mmekuja na daftari mkitegemea nitawatajia simu tano mkanunue. Sitataja, mana simu nikiisifia leo mwakani haipo sokoni, ila namna ya kuipima simu hiyo utabaki nayo.

Nianze na mama yangu. Nilimnunulia simu, inavutia kwa macho, kioo kikubwa, kamera tatu nyuma, na nilimpelekea kwa furaha. Basi ikawa kila akinipigia tunaongea dakika moja sauti inapotea, mimi naita haloo haloo, mara imekatika, nikadhani ni mtandao, nikadhani mama hajaizoea, nikawa namwambia shika vizuri mama, usibonyeze bonyeze. Mpaka siku nimeenda nyumbani nikakaa pembeni nikamwangalia anavyoongea na dada yake. Kioo kilikuwa hakizimi! Simu iko sikioni na kioo kinawaka vilevile, sasa shavu lake ndo lilikuwa linabonyeza pale pa kuzima maiki, pa kukata, pa kila kitu. Mama hakuwa na kosa hata kidogo na mimi nilishamlaumu zaidi ya mara moja, hilo linaniuma mpaka leo.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye simu nyingi, karibu na spika ya sikioni, kuna sensa ndogo, yaani kihisi, inayotambua kwamba kitu kimesogea karibu, ukiweka simu sikioni yenyewe inazima kioo. Sasa watengenezaji wengine wanaitoa, labda kupunguza gharama, labda kingo za kioo ziwe nyembamba, halafu wanaacha programu ikisie kutokana na simu ilivyoinama au kwa kutumia mawimbi ya sauti. Kukisia ni kukisia, leo inapatia kesho inakosea, na kwenye boksi hawakuandikii onyo, utakuta megapikseli za kamera kwa herufi kubwa na hilo hakuna.

Kwa hiyo ukienda kununua, kitu cha kwanza kabla hujafungua kamera, weka laini yako ndani, piga simu kwa mtu, na uongee dakika tatu nzima. Geuza shavu, bana simu na bega, shusha, rudisha sikioni, uone kioo kinafanyaje. Toka nje penye kelele umuulize unayeongea naye anakusikiaje, mana simu nyingi zina maiki mbili, moja chini karibu na mdomo na nyingine huku juu ambayo kazi yake ni kusikiliza kelele ili zipunguzwe, na simu yenye maiki moja utaijua tu, mwenzako atakwambia uko sokoni? Muuzaji asiyekubali uweke laini, mshukuru uondoke.

Wakati unaongea tupia jicho juu pale alama ya mtandao ilipo. Kama ilikuwa 4G na ulipopiga ikashuka ikawa H au E au 3G, ujue simu yako haipitishi sauti kwenye 4G, inarudi kwenye mitambo ya zamani. Inaweza ikawa ni setingi tu imezimwa, washa ujaribu tena. Lakini wakati mwingine simu yenyewe haielewani na kampuni yako ya laini kwa upande wa sauti, hata kama intaneti ya 4G inaruka vizuri, na hilo ni jambo zito kuliko linavyosikika kwa sababu mitandao ya zamani inazimwa duniani. Marekani kampuni kubwa zilizima 3G mwaka 2022 na kuna watu walibaki na simu nzima kabisa zisizoweza kupiga. Nzima! Zinafungua picha, zinacheza video, kupiga haziwezi.

Na kuna bendi. Hapa naomba mnivumilie kidogo. Mtandao unasafiri kwenye mawimbi ya masafa tofauti, kila fungu la masafa ndo linaitwa bendi, yale ya chini kama megahezi 700, 800 na 900 yanafika mbali na yanapenya ukuta vizuri, yale ya juu kama 1800 na 2600 yanabeba intaneti nyingi lakini yanachoka mapema. Sasa simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine inaweza ikakosa bendi ya chini inayotumika kwenu, ndo mana unakuta watu wawili wamekaa chumba kimoja, laini za kampuni moja, mmoja ana vijiti vinne mwenzake anatafuta dirisha. Uliza kampuni yako ya laini inatumia bendi namba ngapi, halafu angalia kwenye sifa za simu kama zipo. Namba 28 ni ile ya 700, namba 20 ni 800, namba 8 ni 900, namba 3 ni 1800. Kazi ya dakika tano.

Tuje kwenye chaji. Simu ya kwanza ya mkononi kuuzwa kwa watu, DynaTAC ya Motorola ya mwaka 1983, ilikuwa unaongea kama nusu saa halafu unaichaji kama masaa 10, kwa hiyo tumetoka mbali. Siku hizi betri ya mAh 5000, yaani kipimo cha chaji inayobeba, ni ya kawaida kabisa, ila hiyo namba peke yake isikudanganye, kwa sababu kinachokula chaji ni kioo, ni chipu, na ni hiyohiyo netiweki niliyosema, simu ikiwa mbali na mnara inaongeza nguvu ili ifike, na betri inaisha huku hujafanya kitu. Simu yenye bendi pungufu inakuumiza mara mbili. Halafu betri inazeeka, kila ukiijaza na kuimaliza inapungua kidogo, na joto ndo adui yake mkubwa, hivyo usiiache juani au kuichaji chini ya mto. Ulaya tangu Juni 2025 kuna sheria kwamba simu mpya betri yake ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo baada ya kuchajiwa mizunguko 800, na lebo inayoonyesha mizunguko hiyo. Kama simu unayoitaka inauzwa huko pia, tafuta lebo yake usome, hata kama wewe huishi Ulaya.

RAM, ile kumbukumbu ya muda simu inayofanyia kazi, kwa haraka. Ukiona imeandikwa 8+8, ile nane ya pili sio RAM, ni sehemu ya stoo, pale picha na programu zinapohifadhiwa, wamekopa, na stoo ni taratibu zaidi, hesabu namba ya kwanza tu. Stoo yenyewe, GB 64 zinajaa mapema kuliko unavyodhani kwa sababu mfumo umeshachukua sehemu yake kabla hata hujapiga picha, na ikikaribia kujaa simu inaanza kuganda, unalaumu simu kumbe ni nafasi.

Kamera sina mengi. Hizo megapikseli 50 kwa kawaida simu inaunganisha vidoa vinne kuwa kimoja na unapata picha ya kama megapikseli 12. Piga picha karatasi yenye maandishi madogo ukiwa ndani kwenye mwanga hafifu, vuta, soma. Ukiweza kusoma, inatosha, mana nusu ya picha tunazopiga ni risiti na fomu.

Apdeti ndo watu wanaipuuza kabisa na mimi naiweka juu, karibu sawa na kupiga simu. Pesa zako ziko humo, meseji za siri za benki zinaingia humo. Simu ikiachwa bila apdeti za usalama, matundu yanayogunduliwa hayazibwi. Google walipotoa Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi miaka 7 ya apdeti, Samsung wakafuata na Galaxy S24, sisemi mkanunue hizo, nasema sasa una haki ya kuuliza hii yangu ni miaka mingapi, na miaka hiyo wanahesabu tangu simu ilipotoka, sio tangu wewe uliponunua. Simu ya ofa iliyokaa dukani miaka mitatu imeshakula sehemu yake.

Nimeona mkono, naam dada... anauliza kuhusu simu iliyotumika. Swali zuri. Yote niliyosema yanabaki, dakika tatu za kuongea usiziruke. Halafu bonyeza *#06#, itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ya tarakimu 15, ilinganishe na ya kwenye boksi. Na anayekuuzia atoe akaunti yake mbele ya macho yako, aifute simu, iwake upya mpaka ikuombe akaunti mpya, uingize ya kwako hapohapo, na pesa ibaki mfukoni mwako mpaka hapo.