Pima dozi ya mionzi kwa damu: tunasoma jeni ya FDXR hatua kwa hatua

Karibuni tena maabara. Leo tunaiuliza damu swali moja: mwenyewe alipigwa na mionzi kiasi gani?

Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, kwa sababu ya Goiânia, Brazil, 1987. Kapsuli ya mionzi iliyotelekezwa kwenye kliniki ilivunjwa mtaani. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa wamechafuliwa. Lakini kifaa cha kupitisha juu ya ngozi kinanasa uchafu tu. Aliyesimama karibu na chanzo kisha akaondoka hana hata vumbi. Anatapika? Mionzi hutapisha, lakini hofu nayo hutapisha. Hapo ndipo damu inapohitajika.

Kuchoma sindano mnajua, naruka. Tunatumia tyubu yenye dawa ya kuhifadhi RNA, yaani ujumbe ambao jeni hutoa ikiwaka, mililita 2.5 za damu. Igeuze juu chini mara 8 hadi 10. Taratibu! Tazameni kile kiputo cha hewa kinavyosafiri toka mwisho hadi mwisho. Usitikise. Iache mezani angalau saa 2.

Ila kabla hujaiachia, andika saa. Saa aliyopigwa na mionzi, na saa uliyotoa damu. Mionzi ikikata DNA, protini ya p53 inaamka na kuziwasha jeni kama FDXR, DDB2 na CDKN1A. Zinapanda, halafu zinashuka. Kwa hiyo kiwango kilekile cha FDXR kinaweza kumaanisha dozi tofauti, kutegemea saa. Nasema tena: tyubu isiyo na saa usiipokee.

Kutoa RNA, fuateni karatasi ya vitendanishi vyenu. Mimi nabadilisha glavu hapa hata kama ni safi, maana ngozi ina vimeng'enya vinavyokula RNA. Hatua ya kuondoa DNA usiiruke. Kisha tunaigeuza RNA kuwa nakala ya DNA, na tunapakia sahani ya PCR, njia ya kuzidisha nakala hizo hadi zihesabike: FDXR, pamoja na jeni tulivu ya kulinganishia. Natumia HPRT1.

Ngoja. Sogeza kamera hapa. Shimo la tatu, mmeona? Kiputo kimekaa chini kabisa, na mashine inasoma mwanga, kwa hiyo itadanganyika. Funika sahani, izungushe kidogo kwenye mashine... kimetoka. Safi, tuendelee.

Majibu haya hapa. Kila mzunguko wa PCR nakala huongezeka maradufu. Ukishalinganisha na HPRT1, FDXR ya sampuli hii imejitokeza mizunguko 3 mapema kuliko ya damu isiyopigwa mionzi: 2 mara 2 mara 2, yaani imepanda mara 8. Hiyo 8 peleka kwenye grafu uliyotengeneza kwa damu iliyopigwa eksirei za Grei (kizio cha dozi ya mionzi) 0, 0.5, 1, 2 na 4, ikakaa saa 24 kwenye nyuzijoto 37. Grafu ya saa 24 ni ya damu ya saa 24. Mnaona kwa nini napiga kelele kuhusu saa?

Kuhesabu kromosomu zilizoungana vibaya bado ni kipimo cha kuaminika sana, ila chembe za damu lazima kwanza zioteshwe takriban siku 2. Sisi tunajibu ndani ya siku moja, na daktari anawatenga mapema waliovuka Grei 2, ambao uboho wao uko hatarini. Kwenye ripoti usiandike namba moja tupu. Andika dozi ya chini na ya juu inayowezekana, taja grafu uliyotumia, na ukiambiwa mgonjwa ana maambukizi, liandike pia, kwani baadhi ya jeni hizi huyumbishwa nayo.