Gemu Hubanwa Mara Moja, Hufunguliwa Kila Siku

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunikaribisha. Nianze na swali ambalo karibu kila mwenye konsoli hujiuliza siku diski inapojaa: kwa nini mtambo usizibane gemu wenyewe, yaani kuzipunguza ukubwa, zikiwa zimekaa tu, kisha ukazifungua papo hapo mtu anapotaka kucheza? Kwenye kompyuta za kawaida iko mifumo ya faili, yaani ile inayopanga faili kwenye diski, inayofanya hivyo, kama NTFS, ZFS na Btrfs, na mtumiaji hata habari hana. Jibu langu ni kwamba gemu yako imeshabanwa kabla haijakufikia. Inakaa kwenye diski ikiwa imebanwa, na inafunguliwa vipande vipande wakati unacheza. Ukitaka konsoli iibane tena, utakula umeme na muda bure.

Tuone kwanza kubana kwenyewe kunavyokwenda. Mwaka 1977 Abraham Lempel na Jacob Ziv walichapisha njia ambayo mpaka leo ndiyo mzizi wa mambo mengi nitakayoyataja. Chukueni methali tunayoijua sote: haba na haba hujaza kibaba. Ukihesabu pamoja na nafasi za kati, ni herufi 26. Programu inaandika herufi 8 za mwanzo kama zilivyo. Ikifika kwenye "haba" ya pili haiiandiki tena, inaweka agizo: rudi nyuma herufi 8, nakili 5. Ya tano ni ile nafasi inayofuata neno. Kule mwisho, kwenye "kibaba", ikishaandika "ba" ya kwanza, ya pili inageuka kuwa: rudi 2, nakili 2. Kwa sentensi fupi hivi faida ni haba kweli, pengine hata hasara, maana agizo nalo lina ukubwa wake. Kwenye faili kubwa lenye mambo yanayojirudia, hapo ndipo utamu ulipo.

Sasa angalieni ni nani aliyetoka jasho. Anayebana ndiye anayetafuta: anapekua yote yaliyopita, analinganisha, anachagua marudio marefu kuliko mengine. Anayefungua hatafuti kitu. Anasoma agizo, ananakili, anaendelea. Ndiyo maana studio inaweza kuacha kompyuta zake zikibana gemu kwa saa nyingi bila yeyote kulalamika, huku konsoli ikitakiwa kufungua kipande chake kabla mchezaji hajapepesa jicho. Kuitaka konsoli ibane yenyewe ni kuitaka ifanye kwa pupa kazi iliyokwisha kufanywa kwa utulivu. Na hata ingetaka, kuna kizuizi kingine: gemu husambazwa ikiwa imesimbwa kwa njia fiche, yaani imegeuzwa isisomeke bila ufunguo, na data iliyosimbwa vizuri haina marudio yoyote ya kushika. Kwa hiyo unabana kwanza, unasimba baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, hubani kitu.

Kufungua papo hapo si jambo la jana. Mwaka 1996 gemu ya Star Ocean ilitoka kwa ajili ya Super Famicom, konsoli ya Nintendo, katika kaseti ya megabiti 48, yaani megabaiti 6. Picha zake hazikuingia humo zote zikiwa wazi, basi ndani ya kaseti yenyewe kukawekwa chipu iitwayo S-DD1, ambayo kazi yake ilikuwa kufungua picha zikiwa njiani kuelekea kwenye konsoli. Naipenda sana mbinu ile. Aliyetengeneza gemu alikusafirishia na mfunguaji wake! Miaka michache baadaye Resident Evil 2, ambayo kwenye PlayStation ilichukua CD mbili, iliingizwa kwenye kaseti ya megabaiti 64 ya Nintendo 64, pamoja na video zake. Zilipoteza ubora, hilo halifichiki, lakini ziliingia.

Halafu zikaja diski ngumu, na mambo yakageuka kidogo. Diski ngumu ina sindano inayosogea kutafuta data, na kila kusogea ni kuchelewa. Ili kupunguza safari hizo, watengenezaji wakawa wanarudia kitu kilekile sehemu nyingi za diski, kila mtaa wa mji wa kwenye gemu uwe na nakala yake karibu. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation 5, alipoeleza mwaka 2020 habari za Marvel's Spider-Man ya PlayStation 4, alisema kuna vipande vya data vilivyorudiwa mara 400 kwenye diski. Nawaombeni mtulie hapo kidogo. Upande mmoja watu wanahangaika kubana, upande wa pili wanarudia kitu kimoja mara mia nne kwa makusudi, kwenye diski ileile. SSD, diski ya aina mpya ambayo haina kitu kinachosogea, iliondoa sababu ya kurudia, na kwa gemu nyingine hilo pekee lilipunguza ukubwa.

Lakini SSD ilileta shida mpya, nayo ndiyo iliyonivuta kwenye mada hii. SSD ya PlayStation 5 inasoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde. Data inayotoka kwa kasi hiyo ikiwa imebanwa, ni nani ataifungua? Cerny alitoa hesabu: kwa prosesa ya kawaida, kufungua data iliyobanwa kwa Kraken, njia ya kubana ya konsoli hiyo, kwa kasi hiyo kungehitaji koa tisa, yaani viini vya kazi vya prosesa, za aina ya Zen 2. Prosesa ya konsoli ile ina koa nane. Yaani ungeitumia yote, isibaki hata moja ya kuendesha gemu, na bado ungepungukiwa! Ikabidi kazi hiyo ipewe saketi ya pekee ndani ya chipu, isiyofanya jambo jingine. Kwa kawaida zinatoka gigabaiti 8 hadi 9 kwa sekunde, na data ikikubali kubanwa sana, saketi hiyo inaweza kufika 22. Xbox Series X nayo ilikwenda njia hiyohiyo: gigabaiti 2.4 zinasomwa, 4.8 zinatoka, na kwa ajili ya picha ina mfumo wake uitwao BCPack.

Picha zinastahili neno lao, kwa sababu ndizo zinazokula nafasi kubwa. Picha zinazovalishwa kuta, nguo na nyuso hubanwa kwa njia tofauti na ile ya methali, njia inayopoteza ubora kidogo. Katika ile ya zamani iitwayo BC1, mraba wa pikseli, yaani nukta za picha, 4 kwa 4, ambao ungechukua baiti 48, unahifadhiwa kwa baiti 8: rangi mbili za msingi, na kwa kila pikseli namba ndogo ya kusema iko wapi kati ya rangi hizo. Chipu ya michoro inaisoma hivyohivyo, haifunguliwi kwanza. Kisha juu ya hiyo ndipo unawekwa ubanaji wa marudio. Kwa hiyo picha moja imebanwa mara mbili, na mara zote mbili kwa ujuzi wa anayejua kuwa hiyo ni picha. Mfumo wa faili hauna ujuzi huo; wenyewe unaona baiti tu.

Jambo moja zaidi, la wenye diski za nje. Gemu ya PlayStation 5 unaweza kuihamishia kwenye diski ya USB, lakini huwezi kuichezea humo. Watu hudhani huko inahifadhiwa kwa namna nyingine, labda imebanwa zaidi. Hapana. Tatizo ni kasi: gemu imetengenezwa ikitegemea kuletewa vipande vyake kwa kasi ya SSD ya ndani, na ile saketi ya kufungua, hata iwe hodari namna gani, haiwezi kufungua ambacho bado hakijafika. Ukitaka kucheza, unairudisha ndani, na kurudisha huko ni kunakili tu. Hakuna kinachofunguliwa mpaka uwashe gemu.

Sasa nakaribisha maswali.