Kutafuta ukungu-ute kwenye magogo ya Rungwe

Haya, tupo kwenye njia ya kupandia Ziwa Ngosi. Jana mvua imenyesha kutwa, leo kijua kimechungulia. Siku kama hii ndiyo yenyewe. Ukija Julai utazunguka mpaka magoti yalegee na usione kitu.

Tafuta gogo lililolala siku nyingi. Libonyeze kwa kidole gumba: likibonyea kama andazi, umefika. Kabla hujaingiza mkono, gongagonga kwa fimbo, maana nyoka nao hujificha humo.

Sasa piga magoti. Aliyesimama haoni kitu hapa. Washa tochi ya simu, mulika kwa ubavuni, siyo kutoka juu.

Mnaliona bonge hili la njano? Utadhani mtu kamwaga mayai ya kuvuruga. Ndio ukungu-ute, na jina lenyewe linadanganya, kwa sababu siyo ukungu wala uyoga. Hii yote ni seli moja, pana kuliko kiganja changu, yenye viini visivyohesabika, inatambaa ikila bakteria. Mwendo wake ni sentimita chache kwa saa, kwa hiyo usikae ukisubiri ikukimbie. Mwaka 2000 huko Japani, watafiti waliuweka ukungu wa jamii hii kwenye vichochoro vya kupoteza njia, chakula kikiwa pande mbili. Ukajivuta kutoka vichochoro vingine, ukabaki kwenye njia fupi kuliko zote ya kuunganisha chakula. Na ubongo hauna!

Sogea huku. Vidude hivi vya waridi, vikubwa kama punje za mbaazi, navyo ni ukungu-ute; toboa kimoja kwa kijiti. Ona! Uji mzito wa waridi, kama dawa ya meno. Kikikomaa hugeuka kahawia na ndani hubaki vumbi tupu. Kimoja kimetosha, vingine viache.

Msitu huu ni hifadhi, kwa hiyo tunaondoka na picha tu. Ukitaka wa kufuga, bandua magome makavu ya mparachichi wa nyumbani, yatandaze juu ya tishu iliyolowa kwenye kopo lenye mfuniko, weka kivulini. Kopo langu la kwanza lilinuka vibaya, nilimwaga maji mengi mno. Tishu ilowe, magome yasielee. Kagua kila siku kwa kioo cha kukuzia. Baada ya siku kadhaa, au wiki mbili tatu, unaweza kukuta vinywele vyenye vichwa kama pini; ndio ukungu-ute wenyewe.

Haya, gome tulilofunua tulirudishie hivi, upande wenye unyevu chini. Twendeni, kuna gogo jingine pale kwenye kona.