Namna ya Kuonja Bia za Viwanda Vidogo na Mvinyo wa Bei Nafuu Bila Kuvionea

Karibuni, wapenzi watazamaji. Mbele yangu kuna chupa sita, nne za bia kutoka viwanda vidogo na mbili za mvinyo wa bei nafuu, na leo nitawaonyesha namna ninavyozionja moja baada ya nyingine. Lengo langu ni kwamba hukumu mtakayoitoa iangukie kinywaji chenyewe, kwa sababu lawama nyingi wanazobebeshwa watengenezaji wadogo na mvinyo wa bei ya chini ni makosa ya friji, ya glasi isiyosuuzwa vizuri, au ya jua lililoipiga chupa ikiwa imesimama dirishani. Video hii ni ya watu wazima, na atakayeendesha chombo cha moto baadaye atumie bakuli hili la kutemea au, lililo bora zaidi, amkabidhi mwenzake funguo mapema.

Tuanze na baridi. Friji nyingi huwekwa karibu na nyuzi 4 za Selsiasi, na baridi hiyo huifaa lager nyepesi, yaani bia iliyochachuliwa kwa baridi, lakini huziba harufu ya karibu kila kinywaji kingine, kwani kile tunachokinusa ni chembechembe zinazopaa kutoka kwenye kinywaji, na kinywaji kikiwa baridi mno chembechembe hizo hubaki humo humo. Kwa hiyo bia ya ngano na IPA, ile bia chungu yenye harufu kali, nimezitoa robo saa iliyopita, na stout, ile bia nyeusi, nimeitoa mapema zaidi ili ifike kwenye nyuzi 12 hivi. Mvinyo mweupe hupendeza kati ya nyuzi 8 na 12. Mvinyo mwekundu nao, na hapa najua wapo watakaoguna, umekaa ndani ya friji kwa dakika 20, kwa sababu chumba changu kina joto na mvinyo mwekundu uliozidi nyuzi 20 huanza kunuka kileo kabla ya kunuka tunda. Msiusahau huko ndani, kwani ukipoa kupita kiasi tanini zake, vile vitu vya ngozi ya zabibu vinavyokausha kinywa, hukaza ufizi na uchungu wake hujitokeza, kisha watu husema mvinyo ni mkali kumbe ni baridi tu.

Chupa zote zimefungwa kwa karatasi na kupewa namba. Aliyezifunga ni mwenzangu anayeshika kamera, naye ameniambia aina ya kinywaji peke yake, si jina la mtengenezaji wala bei. Ni kweli kwamba chupa ya mvinyo haijifichi kwa karatasi, lakini lebo hufichika, na lebo ndiyo hodari wa kutushawishi kabla ya pua kupata nafasi. Mpangilio wangu ni pilsner, bia ya ngano, mvinyo mweupe, mvinyo mwekundu, IPA, halafu stout. Wapo wanaotenganisha bia na mvinyo kabisa, na hawakosei. Mimi huvichanganya ila sithubutu kutanguliza IPA, kwa kuwa uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa katika bia, hung'ang'ania ulimi, na mvinyo mweupe unaofuata nyuma yake huonekana kama maji yenye ndimu.

Kufungua chupa ya bia hakuhitaji mwalimu. Inamisha glasi, mimina taratibu ubavuni, kisha isimamishe na umalizie katikati ili povu lipande. Natumia glasi za mvinyo kwa vyote sita, zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, kwa sababu umbo hilo hukusanya harufu. Glasi rasmi ya kuonjea mvinyo, iliyowekewa kiwango cha kimataifa cha ISO 3591 mwaka 1977, ina umbo la namna hiyo na ujazo wa takriban mililita 215, lakini hutiwa mililita 50 tu. Nasi tutatia 50.

Samahani, tusimame kidogo. Naomba kamera isogee hapa. Mnaona vipovu vidogo vilivyojishika ukutani mwa glasi, upande huu wa kushoto, na povu la juu lilivyokwisha upesi? Glasi hii ina mafuta au mabaki ya sabuni. Bia haina hatia yoyote, lakini nikiionja hivi nitaiandika kuwa imepooza. Naiweka kando. Glasi ya kuonjea huoshwa, husuuzwa kwa maji mengi, kisha hupinduliwa ikauke yenyewe, kwa kuwa kitambaa cha jikoni huacha nyuzi pamoja na harufu ya chakula cha jana. Nimeleta nyingine na kumimina upya. Sasa povu limesimama, na likishuka linaacha mduara safi ukutani.

Hii ndiyo pilsner, mtindo uliozaliwa mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, pale Josef Groll alipotengeneza lager ya rangi ya dhahabu. Nuseni kwanza kwa pumzi fupi mbili au tatu, kwa sababu pumzi ndefu huichosha pua. Ninapata mkate mweupe, majani na ua fulani jepesi. Ingekuwa na harufu ya siagi ningeshuku kemikali iitwayo daiasetili, na harufu ya mahindi yaliyochemshwa ingenielekeza kwenye DMS, kemikali yenye salfa. Vyote viwili hutokana na kazi ya kiwandani, kwa hiyo hapo mtengenezaji alaumiwe kwa haki. Pigeni funda, lipitisheni mdomo mzima, kisha toeni pumzi kwa puani baada ya kumeza au kutema, kwani sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hutoka kwenye harufu inayopanda kwa njia hiyo ya nyuma. Ile ramani ya ulimi inayosema utamu huonjwa nchani na uchungu nyuma peke yake isahauliwe. Ulimi mzima huonja vyote.

Andikeni kabla ya kusema. Mtu mmoja akitamka neno ndizi mezani, wote watanusa ndizi, hata aliyekuwa na mafua.

Na tukizungumzia ndizi, tumefika chupa ya 2, nami naomba utulivu. Hii ni bia ya ngano isiyochujwa, yenye hamira iliyotuama chini. Imesimama wima ndani ya friji tangu jana ili mashapo yakae kitako. Nataka kuonja kwanza sehemu iliyo angavu, kisha sehemu yenye hamira, na njia ya kuzitenganisha ni moja tu: ukishaiinamisha chupa, usiirudishe wima. Panga glasi zako mdomo kwa mdomo, mimina ya kwanza, pitiliza hadi ya pili huku chupa ikiwa imelala vilevile, kisha koma mashapo yanapokaribia shingo. Usiirudishe wima ili kuona kiasi kilichobaki. Usiirudishe wima kwa sababu simu imeita. Ukiirudisha, kile kilichobaki hujipiga ndani, hamira hupanda kama vumbi la barabarani, na kutenganisha kumekwisha. Karatasi niliichana shingoni kwa makusudi ili nione yale mashapo yanavyosogea. Haya, yanakuja, yanakuja, nakoma. Na hata sasa, chupa hii nailaza juu ya kitambaa nikiwa nimeziba mdomo wake kwa kidole gumba. Siisimamishi mpaka nimalize kuonja glasi hizi mbili.

Sehemu angavu ina ndizi mbivu na karafuu, ingawa hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa humo, kwani harufu hizo zimetengenezwa na hamira yenyewe wakati wa kuchachuka. Sasa ndiyo naitikisa chupa na kumwaga hamira katika glasi ya pili. Imekuwa nzito zaidi, laini zaidi, na karafuu imerudi nyuma kidogo. Wapenzi wengi wa bia hii huinywa hivi, na mimi nipo upande wao.

Maji, kipande cha mkate mkavu, tuendelee.

Chupa ya 3 ni mvinyo mweupe wa zabibu za Sauvignon Blanc, yenye kifuniko cha kusokota, nami sioni sababu ya kukidharau, maana hakihitaji kizibuo na hakibebi ugonjwa wa kizibo nitakaoueleza punde. Zungusheni glasi ikiwa juu ya meza, nanyi mmeishika mguu badala ya tumbo, ili kiganja kisiipashe joto. Kuna nyasi zilizokatwa, pilipili hoho ya kijani na ngozi ya ndimu. Hiyo pilipili hoho hutoka kwenye pirazini, chembechembe za harufu zilizomo ndani ya zabibu za aina hii. Baada ya funda, hesabuni jinsi mate yanavyojaa mdomoni, kwani hiyo ndiyo asidi inayofanya kazi. Huu una asidi nyingi na mwisho mfupi. Ladha inaondoka kabla sijaandika sentensi. Ni mvinyo wa kunywa na chakula, wala hautaki kufikiriwa sana.

Mvinyo mwekundu una kizibo cha gome. Nachomeka kizibuo, navuta, basi. Nusa ya kwanza inanipa kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na hapa ndipo mvinyo mwingi wa bei nafuu humwagwa bila kusikilizwa. Harufu hii ya salfa mara nyingi huondoka ikipata hewa. Chukueni jagi mbili safi, mimineni mvinyo kutoka moja hadi nyingine mara kadhaa bila woga wala madaha, kisha uacheni kwa robo saa. Lakini harufu ikiwa ya kadibodi iliyolowa au chumba chenye ukungu, na hewa isiiondoe, hiyo ni TCA, kemikali inayoingia kupitia kizibo. Hapo hakuna la kufanya ila kuirudisha chupa ilikonunuliwa, na chupa ya bei kubwa hupatwa na ugonjwa huo pia.

Robo saa imepita. Kiberiti kimekwenda, cheri nyeusi imekuja, na tanini zinakausha ufizi kwa kiasi cha kupendeza. Nimeufurahia huu kuliko mweupe.

IPA hii ya chupa ya 5 nimeomba tarehe yake ya kutengenezwa, kwa sababu harufu ya hopsi hufifia na mtindo huu hufaidi ukinywewa mapema. Ina balungi na utomvu wa msonobari, harufu ambazo hopsi ya Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, ilizizoesha watu. Adui yake mkubwa ni mwanga. Mwanga ukiyapiga yale yanayoipa bia uchungu wa hopsi, huzaliwa harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia huukinga mwanga vizuri kuliko ya kijani au isiyo na rangi, na kopo huuzuia kabisa. Hii ni salama, ila ni chungu kupita ninavyopenda, nami sioni haya kusema hivyo.

Ya mwisho ni stout. Kahawa na chokoleti mnazozinusa ni kazi ya shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi. Onjeni nusu, iacheni, na mrudi baada ya dakika kumi, kwani inapopata joto utamu hutokea nyuma ya uchungu.

Karatasi sasa ziondolewe. Mwenzangu anacheka, kwa sababu ule mwekundu niliousifu ndio wa bei ya chini kati ya mvinyo hizi mbili. Uliobaki uzibeni na kuurudisha kwenye friji, na hata mwekundu utavumilia siku tatu hivi. Bia iliyokwisha kufunguliwa haihifadhiki, basi nileteeni glasi ile ya stout.