Börje Salming: beki wa Kiruna aliyepigwa Marekani na hakukimbia

Haya jamani, asanteni kwa kuja, walio nyuma sogeeni mbele viti vipo. Leo naongelea mtu mmoja tu, Börje Salming, Msweden, beki wa hoki ya barafu, na niseme mapema kabisa msimamo wangu: NHL, yaani ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, mnayoiona leo imejaa Wasweden, Wafini, Wacheki na Warusi, njia hiyo ilipasuliwa na huyu jamaa, na hakuipasua kwa maneno, aliipasua kwa kukubali kuumia.

Tuanzie kwao. Kazaliwa Aprili 1951 maeneo ya Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden, ambako msimu wa baridi kuna wiki jua halichomozi. Upande wa baba ni Msami, wale wenyeji wa asili wa kule kaskazini. Baba alikuwa mchimbaji kwenye mgodi wa chuma, akafia huko huko mgodini kwa ajali, Börje ana miaka 5 tu. Akabaki mama na watoto, na kaka yake Stig ndo akawa mtu wa kumfuata, Stig anacheza hoki basi na mdogo wake anacheza. Baadaye wote wawili wakawa Brynäs, timu ya mji wa Gävle, na Börje akabeba ubingwa wa Sweden 1971 na 1972.

Sasa Toronto inaingiaje. Mwishoni mwa 1972 Toronto Maple Leafs, timu ya NHL ya Kanada, walimtuma skauti wao Gerry McNamara Sweden akamwangalie golikipa. Golikipa! Katika kuzunguka akaikuta Brynäs inacheza na timu ya Wakanada waliokuwa ziarani, mechi ya fujo tupu, akawaona vijana wawili, winga Inge Hammarström na huyu beki mrefu mwembamba asiyeogopa mtu, tena Salming siku hiyo alitolewa nje kabla mechi haijaisha, McNamara akamfuata huko huko vyumbani kumuuliza kama anataka kuja kucheza Toronto. 1973 wote wawili wakahamia Kanada.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa ukubwa wa jambo. Waliwahi kuwepo Wasweden kabla yake, Ulf Sterner alicheza mechi 4 na New York Rangers mwaka 1965, Thommie Bergman alikuwa Detroit msimu mmoja mbele yake. Lakini imani ya Wakanada wengi ilikuwa kwamba mchezaji wa Ulaya ni laini, ana ufundi ila ukimgonga mara mbili anaomba kurudi kwao. Na kwenye hoki kugongana ni sehemu ya mchezo, watu wanakimbia juu ya barafu kwa spidi kubwa na viatu vyenye visu chini, wanabamizana ukutani, na kupigana ngumi huadhibiwi kama kwenye soka, unakaa nje dakika 5 unarudi kuendelea.

Mechi yake ya pili tu ikawa Philadelphia. Flyers wa miaka ile ndo timu iliyoogopwa kuliko zote, walishinda Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, 1974 na 1975 na nusu ya silaha yao ilikuwa vitisho. Wakamfanyia kila kitu, fimbo za mbavu, za miguu, matusi kuhusu Usweden wake, akaishia kukunjana na Dave Schultz mwenyewe, mbabe wao mkuu. Hakukimbia. Na haikuwa usiku mmoja, misimu yake ya mwanzo kila uwanja aliokwenda kuna mtu alitaka kumpima.

Ila mimi ngumi si kitu ninachokiheshimu zaidi kwake. Ninachokiheshimu ni kuzuia mashuti. Ile paki ni kidude cha raba ngumu, gramu kama 170, inapigwa kwa kasi ya gari la barabara kuu, na Salming alikuwa anajitupa chini mbele yake kwa mwili mzima, kifua, mbavu, popote. Halafu anainuka na paki hiyo hiyo anapanda nayo mbele anatoa pasi ya goli. Beki anayelala mbele ya shuti na dakika hiyo hiyo anaanzisha shambulizi, wa namna hiyo walikuwa wachache mno.

1976 kwenye Canada Cup, mashindano ya timu za taifa, Sweden inacheza na Kanada, uwanja ni Maple Leaf Gardens, ule ule wa nyumbani kwake Toronto. Wanatangaza majina, linapotajwa lake, kavaa jezi ya njano ya Sweden, mpinzani kabisa, uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi, marefu kiasi cha kumwacha hajui afanye nini. Sweden walifungwa siku hiyo lakini mimi hapo ndo naona Toronto ilimchukua rasmi kuwa mtoto wake.

Novemba 1986 mchezaji wa Detroit alimkanyaga usoni kwa bahati mbaya, Salming yuko chini golini, kisu cha kiatu kikapasua kuanzia juu ya jicho hadi karibu na mdomo, nyuzi zaidi ya 200. Akarudi kucheza, safari hii kavaa kioo cha kukinga uso. Mwaka huo huo wa 1986 alikiri hadharani kwamba miaka ya nyuma aliwahi kujaribu kokeini na ligi ikamfungia mechi 8, nalitaja kwa sababu ni sehemu ya maisha yake.

Misimu 16 Toronto, mmoja Detroit, kisha akarudi Sweden kuchezea AIK. Mechi 1,148 za NHL, pasi za magoli 620 akiwa Toronto pekee. 1996 akawa Msweden wa kwanza kuingia kwenye Hockey Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa magwiji wa hoki. Akafariki Novemba 2022 kwa ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, wiki mbili tu baada ya kwenda kwenye mechi za Toronto kuwaaga mashabiki, na kwenye moja ya mechi hizo kocha wa Leafs aliwaanzisha Wasweden watupu, wote 6.

Kuna wanaosema hakuwahi kubeba Kombe la Stanley, mara mbili akawa wa pili kwenye tuzo ya beki bora, kwa hiyo tunamkuza. Sikubali. Tajiri wa timu, Harold Ballard, aliibomoa timu nzuri kwa mikono yake, 1979 Lanny McDonald akapelekwa Colorado wakati ndo kwanza timu imekomaa. Beki mmoja afanye nini hapo? Na Mats Sundin alipokuja kuwa nahodha wa Toronto hiyo hiyo mwaka 1997, hakuna aliyeuliza kama Msweden anaweza kuhimili. Haya, mwenye swali, maiki hii hapa, tuanze na dada pale pembeni.